Jumapili Tatu za Mfungo Wangu wa Kwanza

Nilifunga Ramadhani yangu ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mmoja, bibi arusi wa miezi minane katika nyumba ya matofali pale Kampemba, mjini Lubumbashi, na niseme ukweli mapema: niliifunga vibaya, kwa furaha kubwa mno. Hata sasa mwezi ukikaribia nacheka peke yangu jikoni, na watu wa nyumbani wamezoea, hawaniulizi tena.

Nilizaliwa kambi ya reli, kwa baba Mkatoliki aliyeteremka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kuunganisha mabehewa. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba akanilea mwenyewe, kwa saa ya treni siku sita na kwa kengele ya kanisa siku ya saba. Kufikia ujana wangu Chama, kile kimoja kilichotawala nchi nzima, kilikuwa kimekwisha kupiga marufuku majina ya ubatizo, kwa hiyo lile nililomwagiwa nalo maji likafutwa kwenye kitambulisho nikaandikiwa la bibi yangu. Kisha nikampenda fundi cherehani Mwislamu wa asili ya Maniema, nikasilimu, nikapata jina la tatu. Baba alilalamika kwamba hajui tena aniite nani. Akabaki na lile alilokuwa nalo tangu zamani, "mutoto," ambalo halikuwa na dini wala halikuhitaji kibali cha Chama.

Hakuwa mtu mkali. Siku niliyomwambia nimeingia Uislamu alimaliza kwanza bukari yake, yaani ugali wetu wa Katanga, akanawa mikono, akaikausha polepole kidole kimoja kimoja, ndipo akasema:

"Kama unakufa, ntakuya. Kama uko na mimba, ntakuya. Lakini kukula mu nyumba ya bantu benye batakufungisha njaa, hapana."

Yaani nikifa au nikipata mimba atakuja, lakini kula kwa watu watakaonifungisha njaa, hapana; na baba alikuwa mtu wa neno lake. Arusini alisimama mlangoni saa nzima bila kugusa hata maji. Baada ya hapo nikawa mimi ndiye ninayekwenda kwake. Alinipokea, alinilisha mpaka nikashindwa kuinama, kisha alinisindikiza mpaka kwenye reli, akasimama hapo kana kwamba upande wa pili kuna mto. Iliniuma sana. Nilitaka baba yangu aje akae kwenye kiti changu, ale chakula changu, aone kwamba nimeolewa mahali pazuri. Mwaka ule sikumwomba Mungu kitu kingine, na nilimwomba kwa majina yangu yote matatu, asije akasema hanitambui.

Nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu na mama yake. Mama mkwe alikuwa mjane nadhifu, mwenye maneno machache. Alinikubali, siwezi kumsingizia, lakini alinitazama kama mtu anavyotazama maziwa motoni. Akizungumza na wageni aliniita "bibi ya mwanangu," yaani mke wa mwanangu. Mwanangu bila bibi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye cherehani yake barazani, kichwa kimeinama, akijifanya hasikii.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kwenye joto, kabla ya mvua, wakati vumbi jekundu la Lubumbashi linakaa hadi ndani ya chumvi. Mwalimu wa madrasa alikuwa amenifundisha kwa majuma matatu. Alinieleza yote yanayobatilisha saumu: kula, kunywa, kujitapisha, na mengine ambayo aliyasema akiangalia ukuta. Aliniambia habari za mate. Aliniambia habari za dawa ya matone puani. Niliyakariri yote kama nilivyokariri katekisimu, na nilipoulizwa sikukosea hata moja. Mwalimu akasema ana wanafunzi waliozaliwa ndani ya dini wasiojua nusu ya hayo. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mwezi ulianza Jumatano. Lo, siku zile za mwanzo. Watu huzungumzia njaa kana kwamba ni kitu kizito, mimi ilinifanya niwe mwepesi. Kufikia saa sita mchana nilikuwa naelea. Nilikwenda bombani kuchota maji nikamsalimu jirani mmoja mara tatu. Alhamisi nilicheka mbuzi wa watu mpaka nikakaa chini. Jumamosi ikawa siku ya salongo, kazi ya lazima ya kufagia mtaa, na baada ya kufagia tulitakiwa kuimba na kukisifu Chama kwa kucheza. Nilicheza midomo imenikauka, kiuno kinakwenda kwa Chama na moyo unakwenda kwa Mungu, na nadhani wote wawili walipata haki yao.

Halafu jua linazama, na bilauri ya maji. Nimesali sala nyingi maishani, ndefu na fupi, za Kilatini nisizozielewa na za Kiarabu nilizozielewa baadaye. Sijui kama nimewahi kusali sala ya kweli kuliko mafunda yale matatu ya kwanza. Nilikuwa nahisi maji yanapita kila mahali, hadi kwenye magoti, na nilitamani kumshika mtu bega nimwambie, wewe, umeonja haya maji?

Basi ikafika Jumapili. Mume wangu alikwenda barazani kushona. Mama mkwe alikwenda kumtazama ndugu yake kule Naviundu. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikawasha mbabula, jiko letu la bati, kwa makaa mazuri, nikasonga bukari, nikapika sombe, yaani kisamvu, na samaki mkavu, nikakaa uani katikati, lango wazi, nikala. Nilikula kwa utulivu wa mtu mwenye haki yake. Majirani walipita, nikawapungia mkono.

Msinione mwendawazimu. Kwa baba yangu, kwaresima ni siku arobaini, na Jumapili hazimo katika hesabu. Jumapili ni siku ya furaha ya Bwana. Kufunga siku hiyo ni kumkosea adabu, kama kuingia arusini na nguo za msiba. Kanuni hiyo sikuijua kama kanuni ya Wakatoliki. Niliijua kama sehemu ya kufunga kwenyewe, jinsi mtu anavyojua kwamba usiku watu hulala. Mwalimu hakuniambia Jumapili watu hufunga, kwa sababu hakuna Mwislamu aliyewahi kuwaza kwamba kuna mtu wa kuambiwa jambo hilo. Nami sikumuuliza, kwa sababu sikujua kwamba kuna swali. Niliona kweli kwamba mume wangu na mama yake wamefunga Jumapili ile pia. Nilifikiri wanaongeza. Niliwaonea hata huruma kidogo, nikasema moyoni, hawa watu wa Maniema ni wachamungu kupita kiasi.

Mama mkwe alirudi akanikuta na tonge mdomoni. Nikamkaribisha. Akageuza uso haraka akaingia ndani. Ndivyo adabu ya nyumba zetu ilivyo: mwanamke akionekana anakula mchana wa Ramadhani haulizwi, maana ana siku zake za mwezi ambazo Mungu mwenyewe amemruhusu, na swali kama hilo ni aibu kwa anayeuliza. Kwa hiyo hakuuliza. Alishangaa tu, nilikuja kujua baadaye, kwamba sikujificha.

Jumatatu nikafunga tena kwa nguvu zote. Jumapili ya pili nikala tena, palepale, lango wazi vilevile. Safari hii mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alinitazama mpaka mwisho wa sahani. Kisha nikaona vidole vyake vinatembea, kimoja, cha pili, cha tatu. Nikafikiri anavuta tasbihi bila shanga. Kumbe anahesabu. Siku za mwanamke haziji siku moja zikaondoka, kisha zikarudi baada ya juma. Na huyu binti hucheka peke yake bombani, huyumba akiinuka, na juzi jioni alifuata harufu ya samaki wa chumvi mpaka kwenye uzio wa jirani. Mwanamke mzima akiweka hayo pamoja hupata jibu moja tu.

Juma lililofuata lilikuwa juma tamu kuliko yote niliyoishi mpaka hapo. Mama mkwe aliniondolea ndoo mkononi. Wakati wa futari alinitilia bawa la kuku na firigisi, na macho yake yakanihimiza kula. Alinitandikia mto. Jumatatu jioni, akinipa uji, akaniita mwanangu, neno zima, bila bibi wa mtu mbele yake. Ilibidi niinamishe kichwa kwenye kikombe. Mume wangu naye akawa wa ajabu: anaingia chumbani, ananitazama, anatabasamu, anafungua mdomo, anatoka.

Na mimi nilielewaje? Nilielewa kwamba ni imani yangu. Niliamini kwamba nimefunga vizuri mpaka inaonekana usoni. Nikajitazama kwenye kioo cha mume wangu cha wateja, nikaona kweli kuna nuru. Nikazidisha bidii. Sijawahi kuwa mcha Mungu kama juma lile, na sijawahi kujipenda kama juma lile, na niliyachanganya mambo hayo mawili kwa raha zangu.

Jumanne mama mkwe alivaa kitenge chake cha sikukuu, akasema ana shughuli kidogo, akatoka kwenye jua la saa saba. Alirudi alasiri, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini, akanywa hewa tu, hakueleza lolote. Alikuwa amekwenda kambi ya reli kwa miguu, akiwa amefunga.

Jumapili ya tatu nilipika lengalenga, mboga niipendayo, na bukari nyeupe ya kupendeza macho. Nikanawa. Nikamega tonge la kwanza. Lango likasukumwa.

Baba yangu aliingia. Alikuwa ametoka misani, amevaa abakosti yake nyeusi, ile koti isiyo na tai ambayo wanaume wote walivaa miaka ile, imefungwa vifungo hadi shingoni katika joto lile. Chini ya kwapa ana kuku jike aliye hai, mkono wa pili kifurushi cha samaki wa chumvi. Alivuka ua. Alikaa kwenye kiti changu. Nilisimama na tonge langu mkononi, siwezi kuliweka, siwezi kulila. Akatazama sahani, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya upole niliyokuwa sijaisikia tangu niolewe:

"Kula, mutoto. Sasa muko babili."

Niligeuka nyuma kuona huyo wa pili ni nani.

Mama mkwe akatoka ndani mikono imeinuliwa kumpokea mgeni. Mume wangu akaja mbio kutoka barazani, ameficha kitu mgongoni, na alipomwinamia baba kumwamkia kitu hicho kikaonekana: shati dogo, limeshonwa kwa vipande vya nguo za wateja watatu tofauti, lenye ukubwa wa mkate. Hapo ndipo nilipoelewa. Bawa, mto, uji, mwanangu, vyote kwa mara moja. Nikaanza kucheka. Kisha nikaacha ghafla.

Kwa sababu baba alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nilichokuwa naomba kwa miezi minane kilikuwa hapo, kimevuka reli, kina kuku mkononi. Nikisema ukweli, atainuka. Sikuwa nakufa na sikuwa na mimba, na neno lake lilikuwa neno. Nikinyamaza, nile tu tonge langu, niwaache wafurahi, halafu mimi na mume wangu tumwombe Mungu aharakishe. Niliwaza hivyo, sitaficha. Nilijiambia hata kwamba leo ni Jumapili, nimepumzika kufunga, huenda na ulimi nao umepewa mapumziko. Nikamtazama mama mkwe, vumbi la Jumanne lilikuwa bado kwenye pindo la kitenge chake. Nikaweka tonge sahanini.

"Papa, siko na mimba."

Kuku akalia kwapani mwa baba. Mama mkwe akashusha mikono. Sasa ikabidi swali lile lililokatazwa, la kwa nini nakula mchana, liulizwe, akaliuliza akiwa amekunja uso kwa aibu:

"Sasa ulikuwa unakula juu ya nini?"

"Juu ni siku ya Mungu, mama. Siku ya Mungu habafungake."

Mume wangu alinitazama kama kitambaa kilichokatwa kinyume. Mama mkwe akataka kuhakikisha: ile ya kwanza, ni kwa sababu hiyo? Na ya pili? Nikasema ndiyo, na ya tatu ndiyo hii, lakini haijaingia mdomoni. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba Ramadhani haina Jumapili, inakwenda moja kwa moja hadi mwezi uandame. Uso wangu, ule wenye nuru, uliwaka moto. Nililia kwa sauti mbaya. Nikamwambia baba anaweza kwenda, nisimpotezee siku.

Baba hakuinuka. Alimweka kuku chini, na kuku akaenda zake kwenye mchele. Kisha akamgeukia mama mkwe, ambaye katika miezi minane hakuwa amemwambia zaidi ya salamu.

"Mama, ile kosa ni yangu. Mama yake alikufaka yeye mudogo. Miye njo nilimufundishaka vile: siku ya Mungu, kula, mutoto."

Mama mkwe akafunika mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Mabega yakaanza kutikisika, akatafuta ukuta, hakuupata, akakaa chini kabisa kwenye vumbi, mwanamke yule nadhifu, akacheka mpaka nikaona magego yake kwa mara ya kwanza. Alisema amewaambia nusu ya Kampemba. Alisema amevuka mji mzima kwenye jua, koo kavu, kutangaza sahani ya bukari. Mume wangu akaficha shati, akalitoa, akaliangalia, akalificha tena, naye akashindwa. Baba alikuwa wa mwisho, alicheka kwa pua, kama wanavyocheka watu wa reli, na mimi nikawa nalia na kucheka kwa zamu mpaka nikapata kwikwi.

Tulipotulia mama mkwe aliniondolea sahani. Siku mbili nitazilipa baada ya Idi, akasema, na hii ya leo pia nitailipa kwa kuwa sikuinuia tangu usiku, lakini tangu sasa nifunge mdomo mpaka jua lizame, kwa heshima ya mwezi. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, aliiweka sahani ileile mbele ya baba. Yeye ni Mkristo, hafungwi na jambo letu, ale bukari ingali moto, kuku atafuata.

Nilijua kitu ambacho mama mkwe hakukijua: baba alikuwa mtu wa zamani, hakuwa amekula wala kunywa tangu jana yake jioni ili apokee komunyo asubuhi ile. Alikuwa na njaa kuliko sisi sote. Alitazama ile bukari kwa muda mrefu. Mkono ulitoka kwenye goti, ukasogea, ukaisukuma sahani pembeni.

"Mutoto yangu iko na njaa juu yangu," akasema, yaani kwa sababu yake. "Kama yeye anangoya jua, na miye ntangoya."

Akangoja. Alisinzia kwenye kiti changu, akaamka, akafungua kifungo kimoja cha abakosti, akauliza jua limefika wapi. Mume wangu akamshonea kola iliyokuwa imeanza kufumuka. Tumbo la baba lilinguruma mbele za watu, na mama mkwe, kwa adabu, akakohoa. Harufu ya kuku wake mwenyewe ilipoanza kuzunguka ua alisimama akaenda kutazama barabara. Aliuliza tena habari za jua. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilikuwa na furaha ya kunipasua, nikawa nakwenda jikoni bila sababu na kurudi, ili tu nimkute bado yupo.

Adhana iliposikika mama mkwe alimpa yeye bilauri ya kwanza. Baba aliipokea, na kwa mazoea akafanya ishara ya msalaba, polepole, bila kuruka hata bega. Sisi watatu tulishika bilauri zetu tukamngoja amalize. Kisha tukanywa wote. Nikamwona anafumba macho, na nilijua maji yamefika kwenye magoti.

Alikula kuku, akala wali, akaomba kuongezwa. Nilipomsindikiza alisema amemkosea Mungu kwa kufunga siku ya Jumapili na itabidi amweleze padri. Hakuonekana kusikitika sana. Tulipofika kwenye reli hatukusimama, alizungumza tu mpaka tukajikuta tumevuka.

Siku zangu tatu nilizilipa baada ya Idi, siku za kazi za kawaida, wenzangu wanakula mchana na mimi natazama. Jioni zote tatu baba alitoka reli akaja moja kwa moja kwangu, mikono bado ina grisi na midomo imemkauka. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka bila kueleza chochote, akangoja jua pamoja nami.